Printa ya waifai inaandika "Offline" kila umeme ukikatika

Pazia_la_Bluu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada, nimefuta draiva na kuiweka upya mara nne na hali ni ileile.

Vifaa: printa ya wino wa tanki yenye waifai na USB tu (haina tundu la kebo ya mtandao), laptopu ya Windows 11, simu mbili za Android na aifoni moja. Intaneti ni ya faiba, boksi liko sebuleni. Kutoka kwenye boksi nimevuta kebo ya kama mita 15 hadi ruta ya pili iliyo kwenye korido ya vyumbani, maana waifai ya sebuleni haipenyi kuta. Ruta zote mbili zina jina moja la waifai na nywila moja, ili simu zihame zenyewe.

Tatizo: siku mbili tatu inaprinti vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, laptopu inaandika "Offline" wakati taa ya waifai kwenye printa imetulia, haipepesi. Nikihamia chumbani na laptopu, mara nyingine inakubali. Nikirudi sebuleni inagoma. Kwa USB inaprinti bila shida.

Nimetoa ukurasa wa taarifa za mtandao wa printa mara mbili. Kabla ya umeme kukatika: IP (anwani ya printa) 192.168.1.7, lango (ruta ya kutokea nje) 192.168.1.1. Baada ya umeme kurudi: IP 192.168.0.104, lango 192.168.0.1. Laptopu nikiwa sebuleni ni 192.168.1.12. Nikipiga ping (kukiita kifaa nione kama kinajibu) kwa 192.168.0.104 napata "Request timed out" mara nne. Ni printa inakufa au ni nini?

---

nyaya_na_nyundo

Printa ni nzima mkuu, na draiva usiiguse tena. Jibu umelileta mwenyewe kwenye zile karatasi mbili. Linganisha fungu la tatu la namba: mwanzo 192.168.1, baadaye 192.168.0. Hapo printa haikubadilishiwa namba tu, imehamia mtandao mwingine kabisa. Nyumba yako ina mitandao miwili yenye jina moja.

Kebo ya mita 15 umeichomeka kwenye tundu la WAN la ruta ya korido, lile la kupokea intaneti, lenye rangi tofauti na wenzake, sivyo? Ukichomeka hapo, ruta haiongezi mtandao wa boksi, inaanzisha wa kwake: inagawa anwani zake za 192.168.0 na kuwa lango lake yenyewe. Simu haioni tofauti kwa sababu intaneti inapatikana pande zote mbili. Printa ndiyo inayoumia, kwa kuwa yenyewe hutafutwa na wengine.

Sasa kwa nini umeme? Vifaa vyote vinaamka pamoja lakini si kwa kasi moja. Ruta ndogo ya kawaida huanza kurusha waifai ndani ya dakika moja hivi. Boksi la faiba huchukua dakika mbili tatu, mengine zaidi. Printa inaamka, inatafuta lile jina la waifai, inakuta la korido peke yake ndilo hewani, inalishika. Na printa si kama simu: ikishashika ruta moja, haihami hata boksi likiamka na kurusha ishara kali mara mbili yake. Itabaki hapo mpaka izimwe au ishara ipotee.

Ruta ya pili ni kama geti la upande mmoja: wa ndani hutoka, wa nje hawaingii. Laptopu ikiwa 192.168.1 (sebuleni) na printa ikiwa 192.168.0 (korido), hakuna njia. Boksi halijui 192.168.0 iko wapi, linatupa ombi lako nje kwa kampuni ya intaneti na linapotelea huko. Ndiyo "timed out" yako. Ukihamia chumbani, laptopu nayo inashika ruta ya korido, wanakuwa mtandao mmoja, inakubali.

Ikiwa kinyume, yaani printa iko 192.168.1 na laptopu iko 192.168.0, utaona kituko kingine: ping inajibu, lakini ukitafuta printa kwenye orodha haipo. Kwa sababu Windows na simu hutafuta printa kwa kupiga ukelele mtandaoni (mDNS hutumia 224.0.0.251 poti 5353, WSD hutumia 239.255.255.250 poti 3702), na ukelele huo hauvuki ruta. Anayejua anwani atafika, anayetafuta kwa kuita hatapata kitu.

Dawa ni moja: ruta ya korido iache kuwa ruta, iwe kirusha waifai tu. Ingia kwenye ukurasa wake (192.168.0.1), tafuta "Operation Mode" au jina linalofanana nalo. Ukikuta "Access Point", chagua, hifadhi, isubiri iwake upya. Kebo inabaki ilipo. Baada ya hapo ukurasa wake hautafunguka tena kwa 192.168.0.1, itapewa anwani na boksi, utaiona kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Isipokuwa na hali hiyo, unafanya kwa mkono:

1. Chomoa kebo ya WAN kwanza.
2. Unganisha laptopu kwa kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya korido. Sehemu ya "LAN", badili IP ya ruta kutoka 192.168.0.1 kuwa 192.168.1.2, barakoa ya mtandao 255.255.255.0. Itawaka upya.
3. Kwenye laptopu andika `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`, fungua 192.168.1.2, nenda kwenye "DHCP Server" (mgawaji wa anwani), izime.
4. Kebo kutoka kwenye boksi sasa ichomeke kwenye tundu la LAN la ruta ya korido. Tundu la WAN libaki tupu.

Jina la waifai na nywila viache vilivyo. Chaneli tu zitofautishe: sebuleni weka 1, korido weka 6 au 11, zote kwa upana wa 20 MHz upande wa 2.4 GHz.

---

Kibatari

Naunga mkono, nyongeza mbili kwenye hatua za hapo juu kwa sababu ndipo watu hukwama.

Hatua ya 1 msiidharau. Ukiacha kebo ya WAN ikiwa imechomekwa halafu ukaipa LAN 192.168.1.2, ruta itaona pande zake mbili zina mtandao mmoja. Nyingi zinakataa kuhifadhi, nyingine zinajibadilishia namba zenyewe bila kukuuliza, halafu unaanza kusaka ukurasa ulikohamia.

Hatua ya 3: anwani kwanza, DHCP baadaye. Ukizima DHCP kabla ya kubadili anwani na ukakatika katikati, laptopu haitapewa namba na mtu yeyote, itajipa 169.254 na kitu. Hapo inabidi uiwekee namba kwa mkono (mfano 192.168.0.20, barakoa 255.255.255.0) ndipo uingie tena.

Na mkisahau kuzima DHCP kabisa, mkachomeka kebo LAN kwa LAN, mtapata tatizo baya kuliko la mwanzo: wagawaji wawili wa anwani kwenye mtandao mmoja. Anayejibu haraka ndiye anayesikilizwa. Vifaa vilivyopewa na boksi vinapata intaneti, vilivyopewa na ruta ya korido vinaambiwa lango ni 192.168.1.2, ambayo haina pa kuvipeleka. Simu inaonyesha waifai imejaa na intaneti hakuna, halafu ukizima na kuwasha inapona, kesho tena.

Hakikisheni pia 192.168.1.2 haimo kwenye kundi la anwani zinazogawiwa na boksi. Kama boksi linagawa kuanzia .2 hadi .254, lianzishe kwenye .100.

---

Pazia_la_Bluu

Asanteni sana. Kebo ilikuwa WAN kweli. Ruta ya korido haina hiyo "Access Point", nimefanya kwa mkono hatua zote nne, boksi sasa linagawa kuanzia .100.

Matokeo: laptopu sebuleni na vyumbani inapata 192.168.1.x, lango 192.168.1.1 kote. Printa imepata 192.168.1.103. Ping inajibu, kati ya 4 na 9 ms. Android zimeiona zenyewe na zimeprinti.

Laptopu bado "Offline"! Kwenye foleni kuna kazi sita, moja imeandika "Deleting" tangu asubuhi na haifutiki. Na kwenye orodha ya printa naona jina lake, halafu tena jina lilelile na "Copy 1", "Copy 2" na "Copy 3".

---

Mzee_wa_Poti

Hizo "Copy" ni zile mara nne ulizoweka draiva. Kila moja imefungwa kwenye njia yake, na huenda zote nne zinaelekea kwenye anwani iliyokufa. Tusafishe kwanza.

Fungua Command Prompt kama msimamizi (bofya kitufe cha kulia cha kipanya, "Run as administrator"), andika mistari hii mmoja mmoja:

`net stop spooler`
`del /Q /F %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*`
`net start spooler`

Hapo kazi zote zilizokwama zimeondoka, pamoja na hiyo ya "Deleting". Unafuta vilivyomo ndani ya folda, folda yenyewe iache. Kisha nenda "Printers & scanners", ondoa "Copy" zote, bakiza moja.

Sasa hiyo iliyobaki: ifungue, chagua "Printer properties" (si "Printing preferences", zinachanganywa sana), kichupo cha "Ports". Tazama mstari wenye tiki. Naweka dau jina linaanza na WSD. Hiyo ni poti ambayo Windows hujiundia yenyewe inapoiona printa kwa ule ukelele aliouelezea nyaya_na_nyundo. Ni rahisi siku ya kwanza, lakini ukelele ukikosa kujibiwa, printa inahesabiwa haipo hata kama ping inajibu kwa 4 ms. Kwa nyumba yenye ruta mbili mimi siiachi kamwe.

Bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", "New Port", andika IP ya printa. Ikisema haitambui kifaa, chagua "Generic Network Card" uendelee. Ukirudi kwenye orodha bonyeza "Configure Port" na uhakikishe vitu viwili: itifaki ni Raw, namba 9100, na tiki ya "SNMP Status Enabled" imetolewa.

Hiyo tiki ndiyo inayowaliza wengi. Ikiwepo, Windows huiuliza printa hali yake kwa SNMP, UDP poti 161, ikitumia neno la siri "public". Printa nyingine za nyumbani hazijibu SNMP kabisa, au neno limebadilishwa. Windows ikikosa jibu inaandika "Offline" na kushikilia kazi zako, ilhali poti 9100 iko wazi inasubiri. Ukiitoa tiki unapoteza kitu kidogo tu: Windows haitakwambia karatasi zimeisha.

Kabla ya kuprinti, pima hiyo poti yenyewe. Ping inathibitisha kwamba kifaa kiko hai, haithibitishi kwamba kinapokea kazi. PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.103 -Port 9100`

Mstari wa mwisho ukisoma `TcpTestSucceeded : True`, njia iko wazi hadi mlangoni. Ikiwa False na ping inajibu, fungua ukurasa wa printa kwa kuandika IP yake kwenye kivinjari, uone kama 9100 imezimwa kwenye mipangilio ya itifaki. Pia angalia upande wa laptopu: programu ya VPN inayopitisha kila kitu kwake huziba njia ya mtandao wa nyumbani. Izime upime tena, au iwekee ruhusa ya mtandao wa ndani.

Mwisho, kwenye "Printers & scanners" zima "Let Windows manage my default printer". Ikiwashwa, printa ya msingi inakuwa ile uliyotumia mwisho, na siku umehifadhi faili kwa PDF utajiuliza mbona karatasi haitoki.

Ila usifanye ya poti kabla hujaikaza hiyo .103. Poti ya TCP/IP inaishi kwa namba. Namba ikibadilika, tumerudi mwanzo.

---

nyaya_na_nyundo

Sawa kabisa, na kuikaza ni kwenye boksi, si kwenye printa. Ingia 192.168.1.1, tafuta "Address Reservation", "DHCP Static IP" au "DHCP Binding", jina hutegemea boksi. Unaandika anwani ya MAC ya printa (utambulisho wa kifaa, jozi sita za herufi na namba, iko kwenye ule ukurasa uliotoa) na namba unayotaka, tuseme 192.168.1.150. Maboksi mengi yanataka namba iliyo ndani ya kundi linalogawiwa, mengine hayajali. Zima printa, washa, toa ukurasa tena, uone .150.

Angalizo kwa wenye printa zenye tundu la kebo pia: MAC ya kebo na MAC ya waifai ni mbili tofauti. Ukiandika ya kebo huku printa iko kwenye waifai, utasubiri sana.

---

Kibatari

Hapa natofautiana kidogo. Kwa umeme wetu huu, mimi napendelea namba iandikwe kwenye printa yenyewe. Umeme ukirudi, printa yenye namba yake haimsubiri mgawaji. Zile za zamani hasa, zikiuliza DHCP mara kadhaa bila kujibiwa zinajipa 169.254 na baadhi zinabaki hivyo hadi uzizime. Sasa fikirieni mpangilio wa Pazia: ruta ya korido inaamka mapema, printa inaishika, lakini mgawaji ni boksi ambalo bado linaamka. Hapo ndipo 169.254 inapozaliwa.

Ukurasa wa printa, sehemu ya mtandao, badili kutoka "Auto" kwenda "Manual": IP 192.168.1.50, barakoa 255.255.255.0, lango 192.168.1.1, DNS 192.168.1.1. Kwa kuwa boksi linagawa kuanzia .100, hakuna atakayepewa .50.

Na usiandike .103 kwa mkono kwa sababu tu ndiyo iliyopo leo! Iko ndani ya kundi. Printa ikiwa imezimwa usiku, boksi linaweza kumpa mgeni .103, asubuhi vifaa viwili vinagombania namba moja.

---

nyaya_na_nyundo

Hoja ya 169.254 naikubali, sikuifikiria na ruta ya korido ikiwa kirusha tu. Lakini siku akibadili kampuni, boksi jipya likaja na 192.168.100.1, printa yenye .1.50 iliyoandikwa kwa mkono itashika waifai na isionekane na mtu. Hata ukurasa wake hautafunguka. Itabidi arudishe mipangilio ya mtandao kwa vitufe vya printa. Kwa boksi jipya mimi huandika tu MAC upya.

Kwa Pazia, basi: .50 kwenye printa, na aandike kwa kalamu ya maka nyuma ya printa "IP ya mkono". Atajishukuru.

---

pwani_dijitali

Samahani naingilia mada. Nina ruta mpya, printa ya miaka kama tisa, haioni jina la waifai kabisa. Simu na laptopu ziko sawa. WPS (kuunganisha kwa kitufe) pia inakataa.

---

Mzee_wa_Poti

Kama jina halionekani hata kwenye orodha ya printa, anzia kwenye masafa. Printa nyingi za nyumbani, za umri huo hasa, zinasikia 2.4 GHz tu. Ingia kwenye ruta uone kama 2.4 imewashwa, na kama kuna "Smart Connect" au "Band Steering" izime kwa muda, uipe 2.4 jina lake tofauti. Chaneli iwe 1, 6 au 11. Ikiwa "Auto", ruta inaweza kuangukia 12 au 13, na vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida havisikilizi huko.

Kama jina linaonekana ila inakataa nywila uliyo na uhakika nayo, ni usalama. Ruta mpya huja na WPA3, printa yako inajua WPA2 tu. Weka WPA2-PSK yenye AES, au ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Mchanganyiko nao ukikataa, rudi WPA2 peke yake. WPS kukataa kunaendana na hilo, maana haifanyi kazi na WPA3. Usishuke hadi WEP au "Open" eti kwa sababu printa imekubali.

Na usiiweke kwenye waifai ya wageni. Itaunganishwa vizuri, intaneti itapata, lakini waifai ya wageni imetengenezwa makusudi vifaa visionane. Hali hiyohiyo hutokea kwenye waifai ya kawaida kama kuna tiki ya "AP Isolation" au "Client Isolation".

---

pwani_dijitali

Ilikuwa WPA3 peke yake. Nimeweka WPA2-PSK AES, nimeandika nywila kwenye printa, imeshika. Asante mzee.

---

Pazia_la_Bluu

Nimerudi. Poti ilikuwa WSD kweli. Nimeweka .50 kwenye printa, poti mpya ya TCP/IP 9100, SNMP nimeitoa, foleni nimesafisha. `TcpTestSucceeded : True`. Kurasa tatu zimetoka kwa laptopu nikiwa sebuleni. Nimezima swichi kubwa na kuwasha mara mbili makusudi, inarudi yenyewe.

Mambo mawili yamebaki. Kuskani hakufanyi kazi kutoka kwenye laptopu, programu inasema haioni skana. Na je, nikinunua betri ndogo za kuwekea ruta, za kuhimili umeme ukikatika, zinasaidia, na je, printa nayo niichomeke?

---

Mzee_wa_Poti

Kuskani hakupiti poti 9100, hiyo ni ya kupeleka kazi tu. Fungua programu ya skana ya mtengenezaji, tafuta sehemu ya kuongeza skana kwa anwani, andika 192.168.1.50. Bado inakumbuka namba ya zamani. Na kwenye mipangilio ya Windows hakikisha waifai ya nyumbani imewekwa "Private network". Ikiwa "Public", ukuta wa Windows unazuia vifaa vya ndani kuonekana, na skana huwa ya kwanza kupotea.

---

Kibatari

Betri zinasaidia sana, ila weka kwa zote mbili, boksi na ruta ya korido. Ukiweka kwa moja, umeme ukikatika bado nusu ya nyumba inazima.

Soma lebo ya adapta ya kila moja. Volti lazima zilingane kabisa: nyingi ni 12V, ndogo nyingine ni 9V au 5V. Ampea za betri ziwe sawa au zaidi ya zilizoandikwa kwenye adapta, na angalia ule mchoro wa chanya na hasi wa ncha.

Muda wake usipige hesabu kwa mAh kama zilivyoandikwa kwenye kifungashio cha dukani. Hizo ni za seli za ndani za volti 3.7. Betri ya 8,800 mAh ni 8.8 × 3.7, karibu Wh (wati-saa) 32. Toa kama asilimia 15 zinazopotea katika kupandisha volti, unabaki na Wh 27. Boksi la faiba likila wati 10 unapata saa mbili na nusu, na ruta ya wati 6 itapata zaidi ya saa nne, kila moja na betri yake.

Printa kwenye hizo betri haiwezi, inatumia umeme wa ukutani. Kwa yupiesi (UPS) kubwa ya kompyuta, ya wino unaweza kuichomeka, haili wati nyingi. Ya leza usithubutu: tanuri la ndani linapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, nyingine hupita elfu moja, na yupiesi ndogo inalia na kuzima papo hapo.

Kwa printa yako ya tanki, umeme ukikatika katikati ya ukurasa kichwa kinabaki wazi nje ya kifuniko chake na wino unaanza kukauka. Umeme ukirudi iwashe, iache kichwa kirudi mahali pake, ndipo uizime kwa kitufe chake. Usiizime kwa swichi ya ukutani.